Mrushaji, mdakaji au mlinzi wa kati? Nafasi za softiboli machoni pa makocha wa vyuo vya Marekani

Binti yuko darasa la nane, softiboli, mchezo wa gongo ulio ndugu wa besiboli, anaiweza, na kocha wa klabu yake anataka jibu kabla baridi haijaingia: aanze kufundishwa kurusha, avae vifaa vya mdakaji, au abaki shotistopu, mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu, alipozoea? Mzazi aliyekulia kwenye kandanda na netiboli, Kisumu, Moshi au Bukavu, hana hata pa kuanzia. Mchezo wenyewe ameujulia huku huku Marekani, akiwa amesimama nje ya uzio wa shule ya mtoto. Na anajua kwamba nyuma ya swali hilo kuna jingine, la ada ya chuo.

Wengi hujibu upesi: mrushaji. Wana hoja, maana hakuna mchezaji anayeamua mechi kama yeye. Ila nafasi inayothaminiwa kuliko zote si lazima iwe ndiyo itakayomfikisha binti yako. Penye thamani kubwa foleni nayo ni ndefu, na zipo nafasi ambazo makocha wa vyuo hawazisaki hata kidogo: humchukua mtu wa nafasi nyingine wakamhamishia hapo.

Tutalinganisha njia tano. Ya kwanza ni mrushaji, anayemtupia mpigaji mpira. Ya pili ni mdakaji, anayechutama nyuma ya beisi ya nyumbani, pale mpigaji anaposimama. Ya tatu ni walinzi wa kati, yaani shotistopu, beisi ya pili na mlinzi wa nje wa katikati. Ya nne ni wapigaji wa nguvu, ambao kwa kawaida hulinda beisi ya kwanza, ya tatu au pembe za nje. Ya tano ni mzabaji, yule anayepiga kwa kushoto na kuanza kukimbia huku akiuzaba mpira. Vigezo ni vinne: kocha wa chuo anapima nini, nafasi ni ngapi na wanaozigombea ni wangapi, njia inadai fedha na miaka mingapi, na mwili unalipa nini.

Kabla ya yote, anatupa kwa mkono gani?

Anayetupa kwa kushoto huwekwa kwa nadra sana beisi ya pili, shotistopu, beisi ya tatu au nyuma ya beisi ya nyumbani. Kutoka zile tatu za mwanzo mpira mwingi huenda beisi ya kwanza, na wa mkono wa kushoto hulazimika kugeuza mwili kwanza. Nusu sekunde inayopotea inatosha kumwokoa mkimbiaji. Kwa hiyo binti wa kushoto abakize kichwani mambo matatu tu: kurusha, beisi ya kwanza na uwanja wa nje. Nimeona familia zikilipia mafunzo ya udakaji kwa mtoto wa kushoto msimu mzima, na hakuna aliyewaambia.

Upande wa kupigia ni habari nyingine. Wazabaji wengi wanatupa kwa kulia, wakajifunza kupiga kwa kushoto ili waanze safari hatua mbili karibu zaidi na beisi ya kwanza.

Wanachopima

Kwa mrushaji, rada ndiyo inayotangulia. Vyuo vikubwa vya daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hutafuta kasi ya maili sitini na kitu kwa saa, yaani kuanzia kama kilomita 97, na wachache wa juu kabisa hufika maili 70 au kuzidi. Mrushaji anarusha akiwa mita 13.1 tu kutoka kwa mpigaji, wakati kwenye besiboli umbali huo ni mita 18.4. Mpira wa maili 65 humpa mpigaji takriban sekunde 0.4 za kuuona, kuamua na kulizungusha gongo.

Hata hivyo, ukikaa karibu na kocha kwenye mashindano ya maonyesho wakati wa kiangazi utaona jambo. Anafika na kiti chake cha kukunja, anakaa nyuma ya wavu, anainua rada kwa mipira kumi hivi, kisha anaiweka mapajani asiiguse tena. Kuanzia hapo anatazama glavu ya mdakaji. Je, ilihama? Mdakaji aliomba mpira wa chini nje, umefika huko au umekuja katikati? Baadaye anangojea mpira wa polepole, ule unaotoka mkononi kama wa kasi halafu unachelewa. Mrushaji wa maili 61 mwenye mpira mzuri wa polepole na mwingine unaodondoka mwishoni huandikwa daftarini kabla ya yule wa maili 65 mwenye mipira iliyonyooka kama rula.

Kwa mdakaji ni saa ya mkononi: muda kuanzia mpira ulipogonga glavu yake hadi ulipofika kwenye glavu ya mwenzake beisi ya pili, mita 25.9 mbali. Chini ya sekunde 2 humfanya kocha ainue kichwa. Kwenye sekunde 1.8 au pungufu anaanza kuuliza jina. Katika softiboli mkimbiaji haruhusiwi kuiacha beisi kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, na beisi zimeachana mita 18.3 tu, hivyo wizi wa beisi, yaani kukimbilia beisi inayofuata mpira usipopigwa, huamuliwa na sehemu za kumi za sekunde. Baada ya hapo anaangaliwa namna anavyoizuia mipira inayogonga udongo, na sauti yake. Wapo wanaodhani siku hizi mdakaji hahitaji akili ya mchezo kwa kuwa kocha huagiza kila mpira kutoka benchi kwa namba, na mdakaji anazisoma kwenye kikaratasi kilichofungwa mkononi. Ni kweli namba zinatoka benchi. Lakini mrushaji akishapigwa mara mbili mfululizo, anayekwenda kumtuliza ni mdakaji.

Kwa walinzi wa kati kocha anatazama miguu, mikono na bega. Mpigaji wa mkono wa kulia mwenye mbio hufika beisi ya kwanza kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo shotistopu anayeugusa mpira mara mbili kabla ya kuutupa ameshachelewa. Sis Bates wa Chuo Kikuu cha Washington alijulikana nchi nzima kwa glavu yake, akichukua mipira iliyokuwa ikielekea uwanja wa nje na kuitupa akiwa bado hajasimama sawasawa. Si lazima binti awe kama yeye. Kocha anataka kuona kama hatua ya kwanza ni ya haraka na kama mpira haugandi kwenye glavu.

Wapigaji wa nguvu hupimwa kwa kasi ya mpira ukitoka kwenye gongo, na kwa uwezo wao wa kuupiga mpira wa mrushaji mzuri, maana kupiga mpira uliowekwa juu ya kijiti ni kazi ya kila mtu. Mfano mkubwa ni Jocelyn Alo wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, aliyemaliza chuo 2022 akiwa amevusha mipira 122 nje ya uzio, rekodi ya daraja la kwanza. Sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho alicheza kama mpigaji mteule, asiyelinda popote.

Mzabaji hupimwa kwa saa tena: kutoka nyumbani hadi beisi ya kwanza, sekunde 2.8 au chini. Natasha Watley wa chuo cha UCLA, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuichezea timu ya wanawake ya softiboli ya Marekani katika Olimpiki, alijenga jina lake hapo na kupata dhahabu Athens 2004. Lakini mchezo umeelekea kwenye nguvu tangu enzi zake. Mzabaji anayejua kitu kimoja tu, kuudokoa mpira na kukimbia, sasa anahitaji pia kuweza kuupiga kwa nguvu pale walinzi wanapomsogelea.

Nafasi ni ngapi?

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Baada ya makubaliano ya kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya NCAA kuhusu malipo, yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vya daraja la kwanza vilivyojiunga na mpango huo vina ukomo wa wachezaji 25 wa softiboli, na vinaruhusiwa kuwapa wote skolashipu. Awali ukomo ulikuwa skolashipu 12, zikigawanywa vipande kwa timu nzima. Kuruhusiwa hakumaanishi kuwa na fedha. Vyuo vingi bado vinagawa vipande. Daraja la pili lina skolashipu 7.2 kwa timu. Daraja la tatu halitoi skolashipu ya michezo hata moja, na vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe kama Harvard, vivyo hivyo. Huko msaada hupatikana kwa alama za darasani au kipato cha familia.

Katika hao 25, timu ya kawaida hubeba warushaji wanne hadi sita, na wadakaji wawili au watatu. Kwa mwaka mmoja, basi, chuo kinaweza kutafuta mrushaji mmoja, pengine wawili, na mdakaji mmoja au asiwepo kabisa. Ukigongana na mwaka ambao chuo unachokipenda kina wadakaji wawili wa mwaka wa kwanza, mlango umefungwa, hata binti yako awe hodari namna gani.

Mrushaji ana mshindani mwingine asiyeonekana kwenye viwanja vya watoto: mchezaji anayehama chuo. Siku hizi kocha mwenye haja ya mrushaji hahitaji kungoja mtoto akue. Mwaka 2024 NiJaree Canady alihama Stanford kwenda Texas Tech kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka mmoja, na mwaka uliofuata akaifikisha timu hiyo fainali ya taifa Oklahoma City, ambako chuo kingine, Texas, kilishinda. Habari hiyo inaonyesha mrushaji anathaminiwa kiasi gani. Inaonyesha pia kwamba nafasi ambayo zamani ingekwenda kwa binti wa sekondari sasa inaweza kununuliwa ikiwa imeiva.

Kwa walinzi wa kati hesabu inageuka. Shotistopu ndiyo nafasi inayogombewa na kila mtoto mwenye kipaji, kila klabu ina wawili watatu, na chuoni anacheza mmoja. Lakini makocha husajili mashotistopu wengi kwa makusudi, kisha mmoja anakwenda beisi ya pili, mwingine ya tatu, mwingine uwanja wa nje. Mlinzi wa nje wa katikati naye huhamishwa kushoto au kulia bila shida. Ukitazama orodha ya timu kubwa utakuta walinzi wa beisi ya pili ambao sekondari walikuwa mashotistopu. Nafasi hii ina msongamano mkubwa zaidi, na milango mingi zaidi.

Safari ya kurudi ni ngumu. Binti aliyecheza beisi ya kwanza pekee tangu utotoni hawezi kuhamishiwa kati, hivyo anaingia chuoni kwa gongo lake tu. Gongo likiwa la kutisha, kocha atamtafutia pa kusimama. Likiwa la wastani, hana kingine cha kuuza. Mzabaji yuko karibu na hali hiyo, isipokuwa mbio zake zinamfaa pia uwanja wa nje na kukimbia kwa niaba ya wengine kwenye beisi mwishoni mwa mechi.

Fedha na miaka

Kurusha ni mradi wa familia nzima. Warushaji wengi wanaofika daraja la kwanza walianza wakiwa na miaka kumi au kumi na miwili. Kuna mwalimu wa pembeni kila wiki, kuna kumbi za ndani kwenye majimbo ya baridi kama Minnesota, na kuna mtu wa kudaka mipira nyumbani. Mtu huyo mara nyingi ni baba, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya gereji, na miundi yake ina alama za buluu za mipira iliyodondoka mapema kuliko alivyotarajia. Baba mwenye zamu mbili kiwandani au anayeendesha lori la safari ndefu ajiulize mapema nani atakayekaa kwenye ndoo hiyo mara tatu au nne kwa wiki.

Mdakaji anadai vifaa vya gharama, na vinabadilishwa mtoto akikua, ingawa klabu nyingi na shule huwa na vya kuazima. Mwalimu wa pembeni husaidia, ila mengi hujifunzwa mazoezini kwa sababu warushaji wote wanamhitaji. Mlinzi wa kati anaweza kufika mbali kwa ukuta, mpira na mtu wa kumviringishia mipira chini. Mpigaji wa nguvu ni gongo zuri, ambalo si rahisi, na muda mrefu wa mazoezi ya kupiga. Mzabaji ndiye wa gharama ndogo zaidi na ndiye anayeweza kuchelewa kuanza. Msichana wa kandanda au riadha aliyeshika gongo mara ya kwanza darasa la tisa bado ana njia hapa, jambo ambalo kwa mrushaji karibu haliwezekani.

Njia zote zina gharama moja ya pamoja: klabu za kiangazi na safari zake. Makocha wa vyuo huwatazama mabinti huko kuliko kwenye mechi za shule, kwa sababu kwenye eneo moja lenye viwanja vitano wanaona wachezaji mia kwa siku moja.

Mwili

Watu husema kurusha kwa chini hakumuumizi mtu, na wengi wanaiamini kauli hiyo kupita kiasi. Bega, mgongo na mkono wa mbele hulalamika, na mashindano ya wikendi huweza kumfanya binti mmoja arushe mechi tatu kwa siku. Hata chuoni ni hivyo. Mwaka 2019 Rachel Garcia wa UCLA alirusha mipira 179 katika mechi moja ya mashindano ya taifa Oklahoma City, kisha mwenyewe akaimaliza kwa mpira uliovuka uzio katika raundi ya 10. Canady naye 2025 aliirushia timu yake mechi baada ya mechi huko huko, na katika mchezo wa tatu wa fainali akatolewa baada ya raundi moja. Mzazi wa mrushaji ahesabu mipira mwenyewe na awe na ujasiri wa kumwambia kocha imetosha.

Mdakaji anaumia magoti, vidole, na kichwa kwa mipira inayochepuka kwenye gongo. Beisi ya tatu na ya kwanza wako karibu sana na mpigaji, ndiyo maana wengi huvaa kinga ya uso. Mnunulie bila kujadiliana. Walinzi wa kati na wazabaji ni vifundo vya miguu na misuli ya paja.

Kinachomhusu kila mmoja

Gongo. Mbali na mrushaji, ambaye wapo wasiopiga kabisa chuoni, kila nafasi inaamuliwa mwishoni na swali la nani atatuletea pointi. Kati ya walinzi wawili wanaofanana kwa glavu, anayecheza ni anayepiga.

Halafu kuna darasani. Daraja la kwanza la NCAA linataka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4, na hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kucheza. Chuo chenyewe kinaweza kutaka zaidi. Kwa familia zilizofika mtoto akiwa mkubwa, hakikisheni mshauri wa shule anajua masomo gani yanahesabiwa, hasa kama binti alipitia madarasa ya Kiingereza.

Makocha wa daraja la kwanza hawaruhusiwi kuzungumza na binti habari za usajili kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa darasa la kumi na moja. Barua pepe zake anaweza kuanza kuzituma mapema, na aziandike mwenyewe. Sisi tumelelewa kwamba mzazi ndiye msemaji wa mtoto mbele ya wakubwa. Hapa kocha akipokea barua ya baba kuhusu binti wa miaka kumi na sita, anajiuliza binti ana kasoro gani. Wanaangalia hata nani anabeba mfuko wa vifaa kutoka kwenye gari, na anamjibuje mama yake baada ya kukosa mpira.

Kwa hali yako

Kama binti ana miaka kumi au kumi na moja, mrefu, mvumilivu wa kurudia jambo lile lile, na nyumbani kuna mtu wa kudaka, kurusha kunafaa kujaribiwa. Asiache kupiga wala kulinda. Akifika miaka kumi na minne na kasi haijapanda, bado ana pa kwenda.

Kama ni wa kuongoza wenzake, hachoki kuchutama na anatupa kwa kulia, mdakaji ni njia yenye washindani wachache. Andikeni orodha ya vyuo pana, maana nafasi hutokea mwaka huu hapa na mwaka ujao kule.

Kama ana kasi na mikono mizuri lakini hamjui bado atakuwa nani, mwacheni kati. Ni nafasi ambayo kocha anaweza kuigeuza kuwa nyingine nne.

Kama ana nguvu na si mkimbiaji, msimlazimishe shotistopu kwa ajili ya sifa. Afanye kazi ya gongo, na ajifunze beisi mbili badala ya moja.

Kama amekuja softiboli akiwa mkubwa, kutoka kandanda au riadha, mpimeni kwa saa hadi beisi ya kwanza. Akikaribia sekunde 2.8, mtafutieni mwalimu wa uzabaji na nafasi uwanja wa nje.

Kama alama zake za darasani ni za juu kuliko mchezo wake, daraja la tatu linaweza kuwa nafuu kuliko kipande cha skolashipu daraja la kwanza. Pigeni hesabu ya ada yote baada ya misaada yote, chuo kwa chuo.

Na kama yuko darasa la kumi na mbili, simu haijaita, na bado anataka kucheza, ulizeni vyuo vya miaka miwili vilivyo karibu. Husajili hadi majira ya kuchipua, ada yake huwa ndogo, na makocha wa vyuo vya miaka minne huenda huko kutafuta warushaji na wadakaji walioiva.